Kausha Jani Kwanza: Chumvi ya Mrehani na ya Mchaichai Jikoni Kwetu Pemba

Chupa ya kwanza ya chumvi ya majani niliyoitengeneza kwa mkono wangu iliyeyuka kabla ya kutimiza wiki tatu. Hakuna aliyeitia maji wala aliyeisahau wazi. Ilikuwa imefungwa kifuniko chake na kuwekwa kwenye rafu ya jikoni, hapa Wete, mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Siku nilipoishusha ili niitie kwenye samaki, nilikuta maji ya rangi ya chai yametuama chini ya chupa, na juu yake bonge moja la kijivu lililoshikana kama boflo lililolowa. Harufu ya mrehani, iliyokuwa ndiyo sababu ya kazi yote ile, haikuwepo tena. Badala yake palikuwa na harufu ya nyasi zilizorundikwa zikiwa mbichi.

Tangu siku hiyo nimetengeneza chupa nyingine nyingi, baadhi zikafaa na baadhi nikazimwaga. Maelekezo niliyoyafuata mara ile ya kwanza yalikuwa mafupi mno: katakata majani mabichi, yachanganye na chumvi, yaache yakauke. Kwa anayeishi penye hewa kavu huenda hayo yanamtosha. Kwa sisi tuliozungukwa na bahari pande zote, kazi nzima imo ndani ya neno hilo la mwisho, na aliyeliandika hakulieleza kwa sababu kwake halikumpa taabu.

Chumvi yenye kitu ndani yake si ngeni kwetu. Kila aliyesoma skuli kisiwani hapa anaikumbuka embe mbichi iliyochanwa vipande na kunyunyiziwa chumvi iliyotwangwa na pilipili, nyekundu, ikikaa katika kikopo cha muuzaji na kutolewa kwa ncha za vidole vitatu. Ile tayari ni chumvi ya viungo, na wala haikosi kitu. Nilichofanya mimi ni kuuliza iwapo jani la harufu linaweza kukaa mahali pa pilipili, na jani la kwanza lililonijia lilikuwa mrehani, kwa kuwa unaota wenyewe kando ya birika letu la maji.

Bibi yangu mzaa mama hakuupenda uchaguzi huo. Kwetu mrehani ni jani la kunukia: hufungwa pamoja na asumini, waridi na mkadi katika kikuba, huvaliwa na bibi harusi, hutiwa chumbani. Nilipomwambia kwamba ninataka kuutia kwenye chumvi ya samaki, aliniangalia kama aliyesikia kwamba ninakwenda kukaanga asumini. "Mjukuu wangu," akasema, "rehani ni ya kikuba. Huyo samaki wako unamuoza lini?" Neno lile lina pande mbili, na ninavyomjua bibi yangu, alizikusudia zote.

Nirudi kwenye ile chupa iliyoyeyuka, kwa sababu kulikuwa na makosa mawili ndani yake na mwanzoni mimi nililiona moja tu.

Kosa nililoliona ni la hewa. Chumvi safi ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi hukaa kavu; unyevu ukipanda kupita hapo, chembe huanza kuvuta maji kutoka hewani, na ikiachwa muda wa kutosha hujiyeyusha yenyewe. Hapa visiwani unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi sana, hasa usiku na alfajiri, na katika masika hukaa juu karibu usiku na mchana. Ndiyo maana kikopo cha chumvi kinachomwagika vizuri mwezi wa Februari hukataa kumwagika mwezi wa Mei. Nilidhani kwamba kifuniko changu hakikubana, nikanunua chupa yenye kifuniko kizuri zaidi, na chupa ya pili nayo ikalowa.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya jani lenyewe. Jani bichi kwa sehemu kubwa ni maji, nane au tisa katika kila sehemu kumi. Watu husema kwamba chumvi hukausha jani, na macho hukubali kwa kuwa jani linasinyaa mbele yako. Lakini maji yale hayakwenda popote, yamehama tu kutoka kwenye jani na kuingia kwenye chumvi, na yasipopata njia ya kuruka hewani yatabaki chupani pamoja nayo. Baadaye nilichukua mizani ya jikoni nikapima. Gramu 100 za majani ya mrehani, yaliyonyambuliwa vijiti, zilipokauka kabisa zilibaki gramu 11. Maana yake ni kwamba katika ile chupa yangu ya kwanza, yenye majani ya kiasi hicho, nilikuwa nimefunga pamoja na chumvi maji yanayozidi kikombe kizima cha kahawa ya barazani. Hata ningeipeleka chupa hiyo jangwani, ingelowa.

Kwa hiyo kanuni niliyoishika tangu hapo ni kwamba maji ya jani lazima yatoke kabla ya kifuniko kufungwa, na swali linalobaki ni kama yatoke kabla jani halijakutana na chumvi au baada yake. Zipo njia hizo mbili, na kila moja ina jani lake na chumvi yake.

Niiseme kwanza chumvi. Pemba tunayo ya kwetu, inayovunwa katika mashamba yaliyo nyuma ya mikoko: maji ya bamvua huingizwa kwenye mabwawa yasiyo na kina, na jua na upepo huyapunguza siku baada ya siku. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali, na ile tunayoila huanza kuganda pale maji yanapobaki kama sehemu moja katika kumi. Shangazi yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hadi leo akiishika chumvi ya mtu sokoni huifinya kiganjani kabla ya kuuliza bei. Nilipompelekea malalamiko ya chupa zangu alicheka. "Mwanangu, hiyo chumvi uliyonunua haikuchuruzika," akaniambia. "Mtu ameivuna asubuhi, jioni ameshaitia guniani." Alinieleza kwamba chumvi iliyovunwa hurundikwa na kuachwa siku kadhaa, ili maji machungu yaliyobaki katikati ya chembe yashuke taratibu. Maji hayo yana magnesi, ambayo huvuta unyevu kwa nguvu kuliko chumvi yenyewe, hata katika hewa tunayoihesabu kuwa kavu. Chumvi isiyochuruzika huacha uchungu nyuma ya ulimi na kulia machozi ndani ya gunia. Tangu siku hiyo nami huifinya. Ikiacha kiganja kimelowa, naiacha kwa mwenyewe.

Chumvi ya mawe inayofaa huwa bado na vijiwe na chembe za udongo. Ninaichambua kwenye uteo kama mchele, na ikiwa ni chafu sana ninaiosha, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa wanadhani itayeyuka yote. Haiyeyuki, iwapo maji yenyewe yameshashiba chumvi. Ninatia chumvi kwenye bakuli la maji na kukoroga mpaka inayobaki chini isiyeyuke tena. Maji hayo ndiyo ninayooshea, kwa haraka, kisha ninaichuja na kuianika. Udongo huondoka na chumvi hubaki. Baada ya hapo ninaipitisha kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo mpaka chembe zianze kulia na kurukaruka, halafu ninaiacha ipoe.

Lakini hapa nasimama kidogo, kwa sababu wapo wanaosifu chumvi ya shambani kana kwamba ni dawa, na jambo moja hawalitaji. Chumvi iliyotoka baharini haina madini joto ya kutosha mpaka itiwe. Wengi wetu tumekulia katika dhana kwamba mtu wa kisiwani anayekula samaki hawezi kupungukiwa na madini hayo. Utafiti wa watoto wa skuli wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kinyume chake, na Pemba upungufu ulikuwa mkubwa kuliko Unguja. Upungufu huo ndio unaoleta rovu, na kwa mama mjamzito hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nyumbani kwangu, basi, chungu cha kila siku hutiwa chumvi yenye madini joto, na chumvi ya mawe isiyotiwa madini huwa ni ya kunyunyizia tu, kidogo, juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Iwapo unaipata chumvi ya mawe iliyokwisha kutiwa madini joto, bora zaidi, ila ujue kwamba hiyo usiioshe wala usiikaange. Madini joto hupotea kwa maji, kwa moto na kwa mwanga, na hilo ndilo lililonifanya nipange njia zangu mbili namna nilivyozipanga: chumvi yenye madini joto naitumia kwa njia kavu, ambayo haiilowanishi wala haiipashi moto, na chumvi ya mawe naitumia kwa njia mbichi.

Njia kavu ndiyo ya mrehani. Ninauchuma asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, kabla haujaingia kutoa maua kwa wingi, kwa kuwa ukishatoa maua jani hupungua harufu na kuzidi ukali. Siuoshi isipokuwa umekaa karibu na barabara. Ninautikisa tu, wadudu wadondoke. Majani nayatandaza kwenye uteo, safu moja, yasilaliane, nayafunika kitambaa chepesi cha kanga iliyochakaa, na uteo nauweka ukumbini mahali penye upepo wa kupita, si juani. Jua hulikausha jani haraka, lakini huchukua na mafuta yake ya harufu, na rangi hugeuka kuwa ya tumbaku. Mrehani hasa una tabia ya kuwa mweusi pale unapoumia: jani lililokunjwa au kukanyagwa na kidole siku ya kwanza utalijua siku ya tatu kwa doa lake. Kwa hiyo sizigeuzi-geuzi safu hizo. Nikipita ninautikisa uteo kidogo, basi.

Kisiwani hapa hatuhitaji kufundishwa maana ya kukauka. Sote tumekulia pembezoni mwa majamvi ya karafuu, tumetumwa kukimbia kuyakunja wingu likitanda upande wa kusini, na tunajua kwamba karafuu kavu hujulikana kwa mkono kabla ya jicho: ukiikunja haipindi, huvunjika kwa mkato mmoja. Jani nalo ni hivyo hivyo. Wengi hulipima kwa kulifikicha katikati, ambako ni kwembamba na hukauka upesi; mimi ninaushika mshipa wake mkubwa, pale linapoungana na kikonyo. Mshipa ukipinda, bado kuna maji. Ukivunjika kwa sauti, jani liko tayari, na ukilifikicha huwa unga unaonata kidogo kwenye vidole kwa yale mafuta yake. Katika kaskazi, Januari na Februari, mrehani wangu hufika hapo siku ya nne. Katika masika niliwahi kuungoja siku nane, na siku ya nane ulikuwa laini kama siku ya tatu.

Kwa siku za namna hiyo ninatumia seredani. Chakula kikishaiva na makaa yakabaki majivu yenye joto, ninaning'iniza uteo juu yake, mbali kiasi kwamba kiganja changu kinaweza kukaa hapo bila ya kukiondoa. Kiganja kikiungua, na jani litaungua. Saa moja au mbili jioni, kwa siku mbili tatu, hutosha kumaliza kile ambacho upepo umekishindwa.

Kutwanga ni kazi ndogo. Vikombe viwili vya chumvi ya unga kwa nusu kikombe cha mrehani mkavu uliofikichwa. Natwanga majani pamoja na robo ya chumvi kwanza, kwa sababu chembe za chumvi husaidia kulisaga jani ambalo peke yake lingekuwa linakimbia mchi, kisha nachanganya na iliyobaki kwa mkono mkavu. Siku hiyo hiyo haina maajabu. Ikikaa chupani wiki moja harufu huingia kwenye chumvi yote, na hapo ndipo ninapoionja.

Mchaichai haukubali njia hiyo. Ukikaushwa hubaki na harufu ya chai tu, tamu lakini nyembamba, na ule ukali unaofanana na ganda la limau huwa umeondoka nusu yake. Mchaichai nautwanga mbichi. Kinachofaa ni shina jeupe la chini, urefu wa vidole vitatu hivi juu ya mzizi. Majani marefu ya juu nayaachia birika la chai. Shina hilo lazima likatwe kwa kukingama, vipande vyembamba kama karatasi, kwa kuwa nyuzi zake zikiachwa ndefu hubaki kwenye chumvi kama usumba na humkaa mtu kooni. Kwa gramu 250 za chumvi ya mawe natia gramu 40 za mchaichai, ganda la ndimu tatu, na pilipili mbili tatu nyekundu ikiwa nyumbani hakuna mtoto mdogo. Katika ganda la ndimu ninakwaruza kijani tu. Ukifika kwenye weupe umekwisha kuutafuta uchungu.

Kinu kinapoanza kufanya kazi ndipo utajua kwa nini nasema kwamba njia hii ina utamu wake. Mapigo matano ya kwanza hayatoi kitu ila sauti ya mawe ya chumvi yakipasuka. Kisha shina hufunguka, harufu hupanda ghafla mpaka jirani huuliza nani anapika chai saa hizi, na chumvi nyeupe hugeuka kuwa ya kijani hafifu, iliyolowa, inayoshikana ukiifinya kama mchanga wa pwani maji yakishakupwa. Hapo inaonekana imekamilika, na hapo ndipo nilipokuwa naitia chupani zamani. Sasa natambua kwamba nusu ya kazi bado.

Chumvi hiyo mbichi naitandaza nyembamba kwenye sahani za kigae, na hii naianika juani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, huku nikiivuruga kwa vidole kila baada ya muda ili isigande. Najua nimesema kwamba jua huiba harufu. Huiba kweli, lakini kwenye chumvi iliyolowa, kungoja kivulini humaanisha siku saba za kunywa unyevu wa usiku, na nimeona kwamba kinachopotea kwa kungoja ni kikubwa kuliko kinachopotea kwa jua la asubuhi tatu. Sahani zote huingia ndani mapema, kabla ya jua la mchana kuvunjika na hewa kuanza kurudisha maji yake. Chumvi iliyosahauliwa nje usiku mmoja hurudi ilipoanzia. Ikishakauka, ikawa inamwagika kama mchanga mkavu na kulia ndani ya sahani, naipitisha kwenye chungio ili nyuzi zibaki juu.

Nasema sahani za kigae kwa sababu mara moja nilitumia sinia kubwa la aluminiamu la mkwe wangu, linalotolewa kwa ajili ya wageni. Chumvi iliyolowa na tindikali ya ndimu ilikaa humo siku mbili. Chumvi ilitoka na ladha ya bati, na sinia likatoka na madoa ya kijivu yasiyosugulika. Mkwe wangu ni mstaarabu na hajawahi kulitaja jambo hilo, ila kila Idi sinia lile huwekwa upande wenye madoa ukinielekea mimi.

Mengine nimeyajaribu kwa kupita. Kotmiri haifai, ikikauka inakuwa majani ya kawaida yasiyo na la kusema. Thomu iliyokatwa nyembamba na kukaushwa inafaa sana, na ndani ya chumvi kavu haina ile hatari ya kuota vijidudu vya sumu ambayo thomu mbichi iliyowekwa kwenye mafuta huwa nayo, lakini nyumba hunuka wiki nzima. Kivumbasi niliutia kwa ujasiri. Mume wangu alionja, akanyamaza kidogo, akauliza kama chumvi hiyo ni ya kula au ni ya kufukuzia mbu.

Lililonifurahisha zaidi, hata hivyo, lilitokana na mdalasini. Watu hununua gome na kusahau jani, na jani la mdalasini wetu halinuki kama gome lake: linanuka karafuu. Sababu ni kwamba mafuta ya jani hilo, kama yalivyo mafuta ya karafuu, kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli, na kitu hicho hicho kimo katika baadhi ya mirehani na vivumbasi. Ndicho kinachopatikana kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, makonyo ya karafuu yanapopikwa kwa mvuke ili kutoa mafuta. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini mrehani na karafuu havigombani ndani ya chupa moja. Jani la mdalasini ni gumu, hukauka kwa siku mbili na kutwangika kwa taabu, na lazima lichungwe; kijiko kimoja cha chai cha unga wake katika vikombe viwili vya chumvi ya mrehani kinatosha. Karafuu zenyewe, vichwa vitatu, si zaidi. Mara ya kwanza nilitia kumi na tano, kwa ile tabia yetu ya kudhani kwamba karafuu ni za bure, na tukala samaki midomo ikifa ganzi kama tuliotoka kung'olewa meno.

Kuhusu kuhifadhi sina mengi. Chupa ziwe ndogo, kwa kuwa kila kufungua ni kuingiza hewa, na mbili ndogo hukaa kuliko moja kubwa. Kifuniko kiwe cha plastiki. Cha bati hushika kutu kwa ndani na kutu huanguka. Ninatia punje za mchele zilizokaangwa kavu, kama mama zetu walivyofanya kwenye vikopo vya mezani, na chupa nazo hukaa kabatini, mbali na mvuke na mwanga. Kosa ambalo kila mtu hulifanya, nami nikiwemo, ni kuinamisha chupa juu ya sufuria inayochemka: mvuke huingia mdomoni mwa chupa na kazi ya wiki nzima huharibika kwa mara tatu nne. Imiminwe kiganjani kwanza.

Na itumike mwishoni. Changu au tasi wa kuchoma akishatoka motoni, ngozi bado inalia, chumvi ya mchaichai ikinyunyiziwa hapo huamka kwa joto la samaki peke yake. Ikitiwa kabla ya kuchoma, majani huungua na kuwa machungu. Ile ya mrehani naiona nzuri zaidi kwenye muhogo wa kukaanga, kwenye mayai, na kwenye parachichi. Kwenye mchuzi wa nazi sioni faida yake, nazi hufunika kila kitu. Ninapoitumia, nimekwisha kupunguza chumvi ya kupikia, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, na chakula chetu cha ng'onda na achari hufika huko bila ya msaada wangu.

Chupa mbili za sasa nilizitengeneza Februari. Masika yamekuja na kuondoka, kipupwe kimeingia, na leo asubuhi nilipozigeuza, ya mrehani ilimwagika yote; ya mchaichai ilishikana kidogo chini, nikaigonga ukingoni mwa meza ikaachia. Bibi yangu bado anaiita ile ya kwanza chumvi ya bibi harusi na haigusi. Lakini wiki iliyopita alimtuma mtoto na embe mbili mbichi ndani ya mfuko na kikopo kitupu, na ujumbe kwamba nimtilie ile ya mchaichai yenye pilipili, nikijaze mpaka juu.